Vidole Viwili

Uliniuliza kabla hujaketi:
"Wewe ndiye daktari wa vichaa?"
Nikasema karibu, Mzee Chinduli. Kiti hicho chako,
hiki changu. Meza nimeisukuma ukutani
tangu Machi, ilianza kujifanya hakimu.

Mimi ni binti wa Asumini Nantanga
aliyepiga deki wodi namba tatu, hapa hapa Newala,
miaka kumi na tisa, magoti chini.
Hesabu za darasa la tano nilizifanyia kwenye ngazi ya wodi
nikisikia madaktari wakipita na maagizo:
acha chumvi, acha sukari, punguza mawazo.
Punguza mawazo!
Kana kwamba mawazo ni utambi wa kandili,
unazungusha tu, mwali unashuka.
Walipokwisha kupita, wagonjwa walimwambia mama mambo
ambayo faili halina mstari wa kuyaandikia.
Mama alijibu "Ehe," akakamua tambara.
Chuo kikuu kilinifundisha miaka sita
majina marefu ya ile "ehe".

Na baba. Baba alipuliza salfa kwenye mikorosho ya watu
mpaka kifua chake kikawa filimbi usiku.
Alipewa dawa. Ilikuwa dawa nzuri.
Hakuna aliyemuuliza mbona anaiacha kila Juni.
Angewaambia: mwenye shamba hampi kazi
mpulizaji anayeonekana na dawa ya kifua mfukoni.

Kwa hiyo mimi siulizi kwa nini hunywi dawa.
Nauliza jana ilianzaje.
Nani alikuletea maji, na dumu ni shilingi ngapi siku hizi.
Ulilalia ubavu gani.
Chakula cha usiku ulikula na nani, au na ukuta.

Faili lako lilinitangulia: sukari ishirini na mbili,
mguu wa kushoto, vidole viwili vimeondolewa,
mgonjwa hafuati masharti.
Pembeni, kwa wino mwekundu: mkaidi.

Kikao cha kwanza ulizungumzia bei ya korosho.
Cha pili, ukungu.
Cha tatu ulinyamaza dakika arobaini, nikanyamaza nawe;
hiyo nayo ni kazi, ingawa mhasibu haioni.
Cha nne ukasema, ukiitazama kandambili yako:
"Vidole vyangu mlivitupa wapi?"

Sikuwa na jibu. Vitabu vyangu havikuwa na jibu.
Nilimwendea Hokororo wa chumba cha upasuaji,
akanituma kwa mlinzi,
mlinzi akanionyesha, kwa kidevu,
shimo lenye mfuniko wa zege nyuma ya dobi,
mihogo imeota pembeni, haivunwi na mtu.

Jumatano tulikwenda, wewe na fimbo yako,
mimi na mwavuli kwa ajili ya manyunyu.
Hukulia. Ulivua kofia.
Ulisema maneno kwa Kimakonde cha bibi zetu,
nimeyaacha palepale.
Kisha ukacheka, kicheko kikavu:
"Kumbe mmeanza kunizika kidogo kidogo
bila kunialika mazishini."

Sijakuponya. Wiki hii sukari ni kumi na nne,
na kumi na nne si sherehe.
Sindano bado unaiogopa, na mwanao Likanga
bado anakuwekea soda kwa mapenzi.
Lile neno jekundu nimelikata kwa mstari mmoja,
lisomeke bado, ili anayekuja ajue tulikotoka.

Leo umeniambia bila kuulizwa
kwamba jioni unaosha miguu kwa maji ya bakuli moja,
unakausha katikati ya vidole,
unapitisha kioo cha marehemu mkeo chini ya unyayo
na kuhesabu, kimoja kimoja, hadi cha nane,
kama mtu anayehesabu wanawe
kabla ya kufunga mlango.

Ehe, Mzee Chinduli.
Na halafu?